Sura ya Mzee Isingoje Matanga

Leo tunataka kugombana nanyi kidogo, na katika wale wanaostahili kugombezwa sisi wenyewe tumo. Neno letu ni hili: tunawaacha wazee wetu wafe bila kuchorwa, kisha tunazitafuta sura zao mahali ambapo hazipo tena.

Ninyi nyote mnaijua desturi mpya ya miji yetu ya Katanga. Mzee akifa, kabla maiti haijatoka hospitali, vijana wanapekua simu zao kutafuta picha yake. Wakikosa, wanaichukua kadi yake ya uchaguzi, ile yenye kichwa kidogo kama ukucha wa dole gumba. Wanampelekea mwenye mashine, naye anakikuza kichwa kile mpaka kinakuwa kikubwa kama mlango. Anakipiga juu ya turubai la plastiki, pembeni ameweka maua ambayo mzee hakuyapanda, na nyuma mawingu ambayo hatujui ni ya nchi gani. Turubai linafungwa mbele ya nyumba, na watu wanalia mbele yake siku zote za matanga. Matanga yakiisha, mvua ikianza, kila mtu anakumbuka kwamba turubai ni turubai. Tumeliona moja kwa macho yetu sokoni. Lilikuwa limefunika magunia ya makaa, na macho ya marehemu yalikuwa yakiwatazama wanunuzi.

Hatusemi kwamba picha ya mashine ni kitu kibaya. Mpiga picha ana kazi yake ya heshima. Tunasema tu kwamba mtu aliyelea watoto tisa, akajenga nyumba, akaamua magomvi ya mtaa mzima, anastahili kitu kinachopita plastiki ya siku tatu. Anastahili fundi akae mbele yake, amtazame kweli, na kuandika uso wake kwa rangi, angali hai.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Msifikiri tunawahubiri kama watu wasio na kosa. Sikilizeni yaliyotupata.

Parokiani kwetu alikuwapo katekista mmoja mzee, aliyefundisha miaka zaidi ya thelathini. Alipokufa, sisi wa kamati tulikutana tukasema: Huyu turubai halitamtosha. Tumwagize fundi atuchoree sura yake, tuitundike katika chumba cha mafundisho. Lilikuwa neno zuri, nasi tulijisifu kwa neno hilo. Tukamwita mchoraji anayejua kazi yake, tukapatana bei, tukampa nusu. Kisha tukamkabidhi picha ya kadi ya uchaguzi, maana hatukuwa na nyingine.

Mchoraji aliitazama muda mrefu, halafu akatuuliza maneno ambayo hatukuyangoja. Doa hili juu ya nyusi ni kovu la mzee au ni uchafu wa karatasi? Sikio la kushoto lilikuwaje, maana hapa halionekani? Alipokuwa akimsikiliza mtu, aliinamisha kichwa upande gani? Midomo yake ilifungwa hivi siku zote, au ni kwa sababu siku ile aliogopa mashine?

Tulikuwa watu kumi na mmoja chumbani, na sita kati yetu tulibatizwa baada ya kufundishwa naye. Tulikaa mbele ya uso ule juma kwa juma, mwaka kwa mwaka. Lakini mmoja alisema kovu ni la kweli, wa pili akasema mzee hakuwa na kovu, wa tatu akasema kovu lilikuwapo ila upande wa pili. Tukaanza kubishana. Mchoraji alingoja, kisha akaiweka picha mfukoni, akasema atajaribu.

Alijaribu. Picha ilipokwisha tulimwita mjane wa mzee. Alishukuru kwa adabu, akasifu rangi ya kanzu, akaisogelea zaidi. Mwisho alisema polepole: «Ni picha nzuri, baba. Lakini huyu simjui.»

Na sasa neno la aibu. Kwa sababu ya maneno yale ya mjane, kamati ilikataa kumlipa mchoraji nusu iliyobaki. Tulisema haifanani. Haifanani na nini? Sisi wenyewe hatukuweza kumwambia ifanane na nini! Kosa lilikuwa letu, sisi tuliongoja mpaka uso ukafunikwa na udongo, lakini aliyetozwa faini ni yeye. Tulimlipa baada ya miezi saba, dhamiri ilipotuchoma. Alipopokea, alizihesabu falanga mbele yetu, moja moja. Mara ya kwanza hakuzihesabu.

Majuto ni mjukuu, walisema wazee. Basi sisi tumempata mjukuu huyo, na hatupendi azaliwe nyumbani kwenu.

Wanasema: ni mambo ya Wazungu

Kila tukianza maneno haya, yuko mtu wa kutujibu kwamba picha za kuchora ni mambo ya Ulaya, sisi si desturi yetu. Tumjibu kwa habari za kweli.

Mwaka 1643 alifika Uholanzi Don Miguel de Castro, mjumbe wa mkuu wa Soyo, katika ufalme wa Kongo. Kule alichorwa sura yake kwa rangi za mafuta, amevaa nguo za fahari na kofia yenye unyoya mwekundu. Leo ukiisimamia picha ile unaona mtu mzima, mwenye akili, asiyemwogopa anayemtazama. Ni zaidi ya miaka 380 tangu Mkongo huyo achorwe. Lakini mkitaka kumwona, msiende Soyo. Nendeni Copenhagen, katika jumba la picha la nchi ya Denmark. Ndiko aliko.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja wa kazi ya serikali, Georges Thiry, aliona huko Bukama nyumba zilizochorwa kutani. Mchoraji aliitwa Albert Lubaki. Hakufundishwa na Mzungu kuchora kuta zile. Thiry alimletea tu karatasi na rangi za maji. Mwaka 1929 picha hizo zilionyeshwa Bruseli. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na humo walikuwamo Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa katika mji uleule. Na huko Kongo ya Chini, mwaka 1943, Frère Marc-Stanislas alifungua shule ya Mtakatifu Luka pale Gombe-Matadi. Shule hiyo ilihamia Léopoldville mwaka 1949, na mwaka 1957 ikawa Akademia ya sanaa ambayo Kinshasa inajivunia mpaka leo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hatuna mafundi. Tunao, na baba zao walikuwako kabla yao.

Lakini angalieni walichora nini. Pilipili alichora ndege, samaki na nyoka, tena kwa uzuri wa ajabu. Wanunuzi wengi wa picha za namna hiyo walikuwa Wazungu, nao ndivyo walivyopenda. Mchoraji naye ana watoto. Huchora kile anacholipwa. Nani kati yetu alikwenda kumwambia Pilipili: Njoo nyumbani, umchore mama yangu?

Wanasema: ni mambo ya matajiri

Wengine wanasema kazi hiyo ni ya matajiri. Hao wamesahau nyumba za baba zao. Miaka ya 1970, katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mfanyakazi wa migodi, karani, na mwenye duka dogo walitundika picha za kuchora ukutani mwa chumba cha wageni. Zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na wachoraji walipita nazo mitaani wakibisha hodi. Watu walikuwa na jina la picha hizo katika Kiswahili chetu: walisema ni ukumbusho. Mtu aliitazama picha ya zamani za Wabelgiji, akawaelezea watoto yaliyompata babu.

Mmoja wa wachoraji wale alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alijiita mtu wa historia, wala hakukosea. Miaka ya 1973 na 1974 alichora habari za nchi yetu tangu mwanzo mpaka siku zake, picha zipatazo mia moja, akazieleza moja moja kwa Kiswahili. Aliyezinunua na kuyaandika maelezo yake ni mtaalamu wa Ulaya, Johannes Fabian, aliyefundisha wakati ule katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Tunamshukuru, maana bila yeye tungezipoteza. Lakini picha zenyewe ziko Amsterdam. Naye Tshibumba, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hajulikani alipo.

Mnaona sasa tunakwenda wapi? Don Miguel yuko Copenhagen. Historia ya Tshibumba iko Amsterdam. Hatuwalaumu wanaozitunza. Tunajilaumu sisi. Picha humfuata aliyeilipa. Sisi hatukulipa, basi haikutufuata sisi. Tukiendelea hivi, wajukuu wetu watapanda ndege kwenda kutazama nyuso za watu wao katika miji ya wengine, na wasio na pesa ya ndege hawataziona kabisa.

Kwa mtu asiye na karo ya mtoto, hatuna neno. Alipe karo kwanza, apate unga na dawa, na picha ingoje. Hatusemi naye. Tunasema na ninyi ambao katika matanga mlikodi viti mia mbili, mkashona vitambaa vya namna moja, mkaagiza makasha ya bia mpaka fundi wa umeme aliyepita njiani akalewa. Tunasema na ninyi mliopiga turubai tatu, moja mbele ya nyumba, moja njiani, moja juu ya gari. Hesabuni wenyewe garama ya siku ile, kisha mtuambie kwamba pesa ya mchoraji haikuwapo. Na kama ukoo mmoja hauwezi, shirika la mtaa je? Jamaa ishirini wakitoa kidogo kidogo miezi sita, mzee wao atachorwa, na picha itakaa mahali ambapo wote wataiona.

Wanasema: kumchora aliye hai ni kumwita kifo

Wako wanaonong'ona kwamba kumchora mzee angali hai ni kumtakia mabaya. Ajabu! Wajukuu wanampiga picha kwa simu mara ishirini katika siku moja, anakula wanapiga, anasinzia wanapiga, na hakuna anayeogopa. Akija mtu na burashi, ndipo kifo kinaitwa? Kifo hakingoji burashi. Kilimchukua katekista wetu bila mchoraji yeyote kupita mlangoni pake.

Wengine wanasema ni majivuno. Mzee mmoja alitukatalia hivyo: «Mimi si mfalme.» Tulimjibu kwamba hatumchorei yeye ajitazame, tunawachorea wale ambao hawajazaliwa. Alinyamaza, kisha akauliza kama atapaswa kuvua kofia. Tukajua amekubali.

Msimwombe fundi aseme uongo

Sasa tuseme juu ya kosa lililo baya kuliko kuchelewa. Mchoraji mmoja alituambia kwamba kati ya maagizo anayopata, machache sana huja bila neno hili: Umweupishe kidogo. Kijana analeta picha ya mama yake na kusema: Ngozi uitengeneze, usiweke weusi huu. Wengine wanaomba suti ambayo baba hakuivaa kamwe, saa ya dhahabu ambayo hakuwa nayo, na kovu liondolewe.

Tunauliza: mnamwagiza mama yenu au mnaagiza mama wa watu wengine? Tunawagombeza binti zetu kwa dawa za kujichubua zinazoharibu ngozi, kisha tunamchubua mama kwa rangi ya mafuta baada ya yeye kuishi miaka sabini na ngozi yake bila kuionea haya! Na kovu lile la baba alilipata mgodini. Mkiliondoa, mmeondoa na mgodi, na miaka yote aliyoteremka chini ya ardhi ili ninyi mpate kusoma.

Tena mtu asemaye kwamba ngozi nyeusi haipendezi katika picha hajaiona ikichorwa na fundi. Nenda ukae karibu naye utazame. Hatumii rangi nyeusi tupu. Anachanganya rangi ya udongo uliochomwa, nyekundu, manjano na buluu. Pale mwanga wa dirisha unapogusa paji la uso, anaweka rangi inayoelekea buluu. Chini ya kidevu na pembeni mwa pua anaweka wekundu wenye joto. Uso mmoja unapata rangi saba au nane, na ukirudi nyuma hatua nne, rangi zote zinakuwa ngozi ya mtu hai. Mwanafunzi anapaka nyeusi na kumaliza kwa saa moja. Fundi anahangaika siku nyingi, na kuhangaika huko ndiko mnakomlipia.

Kwa sababu hiyohiyo hatukubali maneno ya vijana kwamba siku hizi programu ya simu inageuza picha yoyote iwe kama imechorwa, tena bure. Inageuza, ndiyo. Lakini programu haikumwona mzee. Haikumwuliza kuhusu kovu. Mahali isipojua, inajaza kwa sura za watu wengine. Mjane wetu alisema «huyu simjui» mbele ya picha ya mtu aliyejitahidi kwa moyo. Angesema nini mbele ya ile?

Namna ya kuagiza

Mtu akitaka kujenga nyumba haendi kwa mwashi kwa kusema tu: Nijengee. Lakini kwa mchoraji tunakwenda hivyo, halafu tunashangaa kuona magomvi. Basi shikeni haya.

Kwanza, tazameni kazi zake kabla ya kupatana, tena sura za watu alizozichora, wala si mbao za maduka tu. Walakini msidharau mbao. Vichwa vile vinavyochorwa kwenye vibanda vya vinyozi vimefundisha wengi, na Chéri Samba, ambaye leo anajulikana dunia nzima, alianza Kinshasa kwa kuchora vibao vya matangazo.

Pili, semeni wazi mnataka nini: kichwa na mabega tu, au mpaka mikono, au mtu mzima amekaa. Mikono ni kazi ngumu kama uso, na bei hupanda kwa haki. Ulizeni pia ni kitambaa gani na rangi gani. Rangi ya nyumba hukauka upesi na ni rahisi. Rangi ya mafuta ya wachoraji ni gali na hukauka polepole, lakini ikitiwa vizuri inaishi kuliko sisi sote.

Tatu, mketisheni mzee karibu na dirisha, mwanga umpate upande mmoja. Saa moja au mbili zatosha kwa siku, na apumzike katikati. Mara nne au tano za namna hiyo zina faida kuliko picha mia za simu. Picha ya mashine imsaidie fundi kumalizia nguo na kiti, isichukue mahali pa mtu. Tena waacheni wazungumze. Mzee akieleza habari za ujana wake, uso wake unafunguka, na mchoraji anaona kile ambacho watoto wake hawajakiona. Wajukuu nao wakae wasikilize. Watapata mafundisho bure.

Nne, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yatosha: ukubwa wa picha, bei, siku ya kumaliza, na malipo katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza siku ya kupatana, maana fundi lazima anunue kitambaa na rangi. Ya pili wakati sura imekwisha kuonekana na ninyi mmeitazama. Ya tatu siku ya kuichukua. Ile siku ya kutazama ndiyo kubwa. Semeni hapo yote mliyo nayo moyoni, rangi ingali mbichi na kurekebisha kungaliwezekana. Aliyetazama akanyamaza, asianze kulalamika siku ya kulipa.

Msifikiri magomvi haya ni yetu tu. Mwaka 1654, mjini Amsterdam, mfanyabiashara mmoja Mreno, Diego d'Andrada, alimwagiza Rembrandt picha ya msichana, akamlipa mbele gulden 75. Alipoiona, alisema haifanani na msichana yule. Aibadilishe, au arudishe pesa. Rembrandt alijibu kwamba hatagusa kazi mpaka alipwe salio. Baada ya hapo ataimalizia, na kama bado kuna shaka juu ya kufanana, wakuu wa chama cha Mtakatifu Luka, ndicho chama cha wachoraji, ndio waamue. Yule ni Rembrandt, ambaye leo mataifa yanajenga majumba kwa ajili ya picha zake! Naye pia aliambiwa: haifanani, sikulipi. Lakini katika mji ule walikuwapo wakuu wa kazi ambao pande zote mbili ziliweza kuwaendea. Kwetu mchoraji hana pa kwenda. Ana mkono wake tu, na neno la mteja.

Kwa wachoraji pia tuna neno

Tusiwe waamuzi wa upande mmoja. Enyi wachoraji, ninyi nanyi mmewakimbiza watu. Mmoja anapokea malipo ya kwanza, anazima simu, na picha inakuja baada ya mwaka, au haiji. Mwingine anapatana kwa rangi ya mafuta, analeta rangi ya nyumba, akitumaini mjane hataitambua. Mwingine anampa kazi kijana anayejifunza, kisha anaandika jina lake chini. Mkifanya hivyo mnawapa wenye plastiki nguvu juu yenu. Afadhali kusema: Siwezi kabla ya mwezi wa nane, kuliko kuahidi Jumapili ijayo. Mtu humsamehe fundi aliye gali, lakini fundi mwongo anamtangaza katika komini nzima.

Lakini tunawajua pia ninyi mlio waaminifu, mnaochora vibao siku nzima ili mpate unga, na sura za watu usiku, chini ya taa. Tunajua kwamba wana wenu wanawatazama na kusema hawataifuata kazi hii. Na kama wana hawa wataacha, ni kwa sababu yetu sisi tunaoshindana bei na mchoraji mpaka jasho linamtoka, kisha tukifika baa hatuulizi bei ya chupa.

Kwa kumaliza

Wasomaji, hatuwaombi mambo makubwa. Kila ukoo una mtu mmoja ambaye wote humtaja wanapotaka kusema sisi ni nani. Yuko hai leo. Mtafutieni fundi kabla ya mwaka huu kwisha. Picha ikiwa tayari, msiitundike mahali ambapo jua linaipiga, wala juu ya jiko la makaa, wala ukutani panapovuja mvua. Nyuma yake andikeni jina la mzee, mwaka, na jina la mchoraji, ili hata watoto wa wajukuu wajue ni nani aliyetazamwa, na ni nani aliyetazama.

Sisi tumeanza. Picha ile ya katekista bado iko katika chumba cha mafundisho, nasi hatuiondoi, inatufundisha. Lakini kamati imeamua kumchora mjane wake. Ameketi mara mbili mpaka sasa, karibu na dirisha, kitambaa chake cha siku zote kichwani, na mchoraji ni yuleyule tuliyemnyima haki yake. Siku ya kwanza alimwuliza mama kuhusu kovu la mzee. Lilikuwapo kweli, juu ya nyusi ya kulia. Alianguka kutoka mwembeni alipokuwa mtoto. Sasa twajua. Na safari hii sehemu ya kwanza tulimlipa kabla hajaiomba.

Ninyi je?